Maganda ya Mbuzi Wetu

Siku niliyosikia sauti ya mdogo wangu ikitoka kwenye simu ya mteja, nilikuwa nashona sare za shule kwenye baraza la duka la vitambaa pale Bugene. Nilitabasamu huku nakanyaga cherehani, maana sauti ile naijua tangu ilipokuwa ikililia ziwa la mama. Mdogo wangu ni mtangazaji wa redio. Yuko Dar es Salaam, ana kipindi cha asubuhi, na madereva wa bodaboda wanaopeleka watu Kayanga hawaanzi kazi bila kumsikiliza. Siku ile, lakini, hakuwa anatangaza. Alikuwa anahojiwa yeye, na alikuwa anasimulia utoto wetu.

"Kuna kipindi tulikula maganda ya ndizi," alisema. "Mama alikuwa anakwangua maganda ya jirani kwa kisu, zile nyama nyeupe zinazobaki, anatupikia."

Mteja wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Huyu si mtu wa huku kwetu? Karagwe gani hiyo ya njaa? Mtu azaliwe migombani, halafu akose ndizi? Labda alisusa!"

Mwenye duka alitoka ndani na tasbihi yake mkononi. Ni mzee wa Kiislamu, babu yake alikuja huku na biashara kutoka Pangani, na hata akitaka kusengenya huanza kwa kumwomba Mungu msamaha. "Astaghfirullah," akasema, "hawa watu wa redio bwana. Siku hizi bila kusema ulilala njaa hupendwi. Njia ya mwongo fupi." Kisha akakumbuka mimi ni nani kwa yule mwenye sauti. Alisubiri mteja aondoke, akaniinamia. "Mwanangu, samahani. Hebu niambie, ni kweli?"

Mimi nina mdomo. Bugene nzima inajua. Nimeshagombana na wateja, na madereva, na mzee wa kanisa mmoja aliyechukua suti akasema italipiwa mbinguni. Lakini siku ile niliinamisha kichwa nikatia uzi kwenye sindano kana kwamba sikusikia. Mzee akatikisa kichwa polepole, akarudi ndani. Alishapata jibu lake, na lilikuwa jibu baya.

Kweli ilikuwa kweli. Tena mdogo wangu aliisema nusu tu, kwa sababu nusu ndiyo aliyoijua.

Kwetu ni Ndama. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano, mdogo wangu hajaanza hata la kwanza. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa, na baba mkubwa, kaka yake baba, akachukua kibanja chote, shamba lote la migomba. Mama aliachiwa nyumba na kipande cha viazi vitamu nyuma ya choo. Migomba iliizunguka nyumba yetu mpaka dirishani, imebeba mikungu, lakini mkungu ukikomaa walikuja vijana wa baba mkubwa na panga, wakakata, wakabeba. Sisi tulibaki kutazama. Mtu anayepita barabarani aliona nyumba iliyozama kwenye ndizi akasema, huyu mjane kaachwa pazuri. Nyumba njema si mlango, waitu, ndugu zangu.

Na baba mkubwa alisema neno moja mbele ya wazee wote. Alisema, "Mke wa marehemu akishindwa kulea, arudi kwao. Watoto ni wa ukoo, watabaki." Mama alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, amejifunga kanga ya msiba. Kuanzia siku ile aliamua kwamba hakuna binadamu atakayesikia kwamba ameshindwa.

Sasa, kwetu huwezi kuficha njaa kirahisi. Wanawake humenya ndizi jioni nje ya jiko, na maganda hukaa pale mlangoni yakisubiri kupelekewa mbuzi au kutupwa shinani mwa migomba yawe mbolea. Kila apitaye hutupa jicho. Maganda mabichi, mmekula. Maganda yaliyokauka, mlikula jana. Hakuna maganda, basi kesho kisimani mtajadiliwa. Hivyo mama alinipa kikapu akanituma kwa jirani yetu ng'ambo ya njia, mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri, mwenye kibanja kikubwa na mkono mkunjufu. Niliambiwa niseme hivi: "Shikamoo. Mama anaomba maganda ya mbuzi."

Mbuzi tulikuwa naye, mweusi, alifungwa jikoni. Lakini hakukaa. Mdogo wangu alishikwa na malaria kali, mama akamuuza mbuzi kwa mchuuzi aliyekuwa anapita kwenda mnadani, asubuhi kabla watu hawajaamka. Mimi nikaendelea kwenda na kikapu. "Maganda ya mbuzi." Jirani aliwahi kuniuliza mbona huyo mbuzi wenu halii siku hizi. Nilipompelekea mama swali lile, akasema, "Mwambie ameshiba." Tulicheka siku hiyo, mimi na mama. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyocheka mwaka ule.

Nikifika nyumbani na kikapu, mama alifunga mlango wa jiko, akachukua kisu, akakwangua ganda moja moja. Zile nyama nyeupe alizipika na majani ya maboga, akampa mdogo wangu, kisha mimi. Yeye alilamba kisu. Halafu alitoka nje akayapanga yale maganda mlangoni, upande wa kijani juu, akayanyunyizia maji ili yaonekane yamemenywa sasa hivi. Jua likikaribia kuzama, akisikia miguu ya watu njiani, alipaza sauti: "Njooni mle jamani, chakula kinapoa!" Nasi tulikuwa tumelala tumbo kwa tumbo kwenye mkeka, hatuna cha kwenda kula.

Siku moja mdogo wangu alitoka na ganda mdomoni akakaa karibu na barabara akilitafuna. Mama alimchapa. Alimchapa kweli kweli, halafu akajifungia ndani akalia. Mtoto akadhani amechapwa kwa kula uchafu. Mimi nilijua amechapwa kwa kula palipo na macho ya watu.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimeibeba mpaka nikawa mtu mzima na watoto wangu.

Wiki ile mahojiano yalipoenea, watu wa mitandaoni walimvua nguo mdogo wangu. Kila mtu akawa mtaalamu wa Kagera. Kuna aliyeandika kwamba Wahaya na Wanyambo wakilala njaa basi samaki nao wafe kiu. Kuna aliyesema ana shangazi Kyerwa, Bugomora, na hajawahi kuona huko mtu akikosa ndizi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nilitaka kuwajibu, lakini ningewajibu na nini? Ushahidi wangu ulikuwa ni kikapu.

Kisha akaja kijana mmoja wa televisheni ya mtandaoni na kamera yake, akaenda moja kwa moja mpaka Ndama. Mimi nilikuwa nimempelekea mama sabuni, nikamkuta kijana ameshakaa kwenye benchi. Mama alikuwa amevaa kitenge nilichomshonea Krismasi. Alimkaribisha vizuri, akamtilia kahawa za kutafuna kiganjani kama tunavyomtilia mgeni wa heshima. Kijana akauliza, "Mama, mwanao anasema mlikula maganda. Ni kweli?"

Mama alimtazama usoni bila kupepesa. "Watoto wangu hawajawahi kulala njaa. Sijui mtoto huyu amepatwa na nini huko mjini."

Nikafungua mdomo, mama akanigeuzia macho, nikaufunga.

Kijana hakuridhika, akavuka njia kwenda kwa jirani. Jirani yetu sasa ni bibi, anatembelea fimbo, lakini bado anaimba sauti ya kwanza. Alisimama wima mbele ya kamera. "Mimi ni mtu wa kanisa, sitasema uongo," akasema. "Kwa yule mama maganda mabichi yalikuwa hayakosekani mlangoni. Kila jioni nilimsikia anawaita wanawe kula. Tena ya kwangu nilikuwa nampa alishie mbuzi wake, kwa sababu ya kwao hayakumtosha." Kila alichosema alikuwa amekiona kwa macho yake na kukisikia kwa masikio yake. Ningemchukia vipi? Mama yangu alimdanganya kwa miaka, naye akaamini, na sasa alikuwa anatoa ushahidi kwa moyo safi.

Baada ya hapo hakukuwa na kujitetea. "Hata mama yake kamkana!" Wakamtungia jina, wakamwita Maganda. Kazini wakamwambia akapumzike nyumbani mpaka mambo yapoe, na sote tunajua mambo yakipoa kiti chako kina mtu mwingine.

Alinipigia akilia. Mwanaume mzima, sauti inayoamsha nchi, analia kama siku ile ya ganda. "Dada, wewe ndiye uliyebeba kikapu. Siri ya mtungi si anaijua kata? Sema neno moja tu. Jirekodi na simu, unitumie. Dada, mimi naanza kujiuliza kama niliota. Mtu akiambiwa na mama yake mzazi kwamba hakikutokea, afanye nini?"

Nikapanda bodaboda mpaka Ndama nikiwa nimefura. Sikuamkia hata vizuri. "Mama, mwanao anaangamia. Nitasema mimi."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Ukilisema hilo nikiwa hai, nikifa usije kunizika."

"Baba mkubwa ameshakufa mama! Nani atakunyang'anya watoto sasa? Mimi? Nina wajukuu wako wanne! Unamwogopa nani?"

"Waliokuwepo bado wapo," akasema. "Watasema nililea kwa maganda."

"Si ulilea kwa maganda!"

Aliweka ungo chini. "Nililea," akasema. "Mlikua. Yatosha." Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, ikaviringika mpaka barabarani, nikaenda kuiokota kwa aibu. Nilirudi Bugene bila kusema lolote kwenye simu, na usiniulize nilimwogopa mama au nilimwogopa Mungu. Laana ya mzazi si kitu cha kujaribia.

Mdogo wangu akaja mwenyewe. Sikumtambua aliposhuka kwenye basi Kayanga, amekonda, amevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Nilikwenda naye nyumbani. Mama alikuwa amempikia chungu kizima, ndizi na maharage, na samaki wa kukaushwa juu. Akampakulia mlima.

"Mama," akasema mdogo wangu, "mimi ni mwongo?"

"Kula, baba."

"Nijibu kwanza."

"Chakula kinapoa," mama akasema. Neno lile lile, sauti ile ile. Mdogo wangu alinitazama, mimi nikatazama moto. Hakula hata tonge moja. Chungu kililala vile vile.

Kulipoanza kupambazuka nilisikia pikipiki zinapita na vijana wanapiga kelele, "Maganda! Maganda!" na kitu kikaanguka uani, pu, pu. Nikaenda mlangoni. Walikuwa wametumwagia maganda ya ndizi, mabichi na yaliyooza, uani kote. Na mdogo wangu alikuwa ameshatoka. Alikuwa amepiga magoti kwenye umande, anayakusanya kwa mikono, haraka haraka, anayasukuma chini ya migomba na kuyafunika kwa majani makavu. Alikuwa anamfichia mama asiyaone.

Mama alikuwa amesimama kwenye kidirisha cha jiko. Alimwona toka mwanzo. Hakutoka, na aliporudi mtoto wake kunawa mikono alijifanya anachochea kuni.

Mdogo wangu aliaga asubuhi hiyo hiyo. Alimshika mama miguu, akasema, "Nisamehe kwa kukutia aibu," akapanda pikipiki kuwahi basi. Nilitaka kumpiga mtu. Nilitaka kuungua mimi na nyumba ile na kila mgomba ulioizunguka. Nilibaki tu pale, nikaosha vyombo vya chakula ambacho hakikuliwa.

Siku hiyo kwa jirani kulikuwa na maandalizi ya harusi ya mjukuu wake. Mnajua kwetu mambo hayo: wanawake wa kitongoji chote huja na visu vyao, wanakaa duara uani kwake, wanamenya mikungu ya harusi huku wanasengenya na kuimba. Adhuhuri nikamwona mama ametoa kikapu darini. Kile kile cha maganda, mshikio wake mmoja umekatika. Sikujua kama kipo bado.

"Mama, unakwenda wapi na hicho?"

"Nifuate," akasema.

Tulivuka njia. Duara lote likanyamaza tulipoingia, maana bila shaka tulikuwa ndio tunaosengenywa. Mama aliamkia, akaamkiwa, akakataa kiti. Akasimama mbele ya jirani, akashika kikapu kwa mikono miwili kama nilivyokuwa nakishika mimi nikiwa mtoto.

"Naomba maganda ya mbuzi."

Jirani akacheka kwa wema. "Mbuzi gani tena, jirani? Wewe huna mbuzi!"

"Hata wakati ule sikuwa naye," mama akasema.

Kisu cha jirani kilisimama kwenye ndizi. Mama hakushusha sauti, wala hakuipandisha. "Mbuzi aliuzwa mtoto alipougua. Miaka yote ile nilipomtuma huyu binti kwako, sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na watoto. Nilikwangua maganda yako nikawapa. Yaliyobaki niliyaweka mlangoni myaone. Mwanangu hakudanganya. Niliyedanganya ni mimi."

Mwanamke mmoja alianza kufuta macho kwa ncha ya kanga. Jirani aliitazama ndizi iliyokuwa mkononi mwake, na lile ganda jembamba linaloning'inia, maana alisifika kwa hilo, alimenya mpaka ganda likawa kama karatasi. Uso wake ulikunjamana.

"Waitu," akasema, "ningejua, ningemenya manene."

"Ungemenya manene, wangejua," mama akamjibu.

Wakashikana pale pale, bibi wawili, wakalia kwa sauti kama msibani. Nami nililia. Nilikuwa nalia na moyoni nasema, yamekwisha, jamani yamekwisha, kesho nitamleta yule kijana na kamera yake, mdogo wangu atapona.

Ndipo simu ya mmoja wa wasichana ikalia kwenye duara. Akaifungua, na kabla hajawahi kupunguza sauti tukamsikia mdogo wangu. Alikuwa amejirekodi akiwa stendi, nyuma yake mpiga debe anaita abiria. "Ndugu zangu, naomba radhi. Nilidanganya. Nyumbani kwetu hatukuwahi kula maganda. Mama yangu alitulea vizuri, tulishiba kila siku. Naomba msimtukane mama yangu wala kumtupia kitu. Mwongo ni mimi. Kipindi nimekiacha, na hamtanisikia tena."

Msichana aliizima, lakini ilishasemwa, na watu walishaanza kuisambaza nchi nzima.

Mama alinigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya kuzika baba. "Mpigie," akasema. "Mwambie arudi."

Nikapiga. Basi lilikuwa limeshaingia kwenye mapori ya Biharamulo, huko hakuna mtandao. Yule dada wa kwenye simu akaanza maneno yake, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Kabla sijakata, mama alininyang'anya simu. Mama hajui simu. Siku zote mimi ndiye humpigia na kumshikia sikioni. Aliibana kwa mikono miwili, akapaza sauti juu ya sauti ya yule dada, ile sauti aliyokuwa akituitia kula.

"Baba, njaa ilikuwepo! Unasikia? Ilikuwepo, hukuota! Nilikuchapa bure!"

Yule dada akarudia maneno yake kwa Kiingereza, kisha simu ikakata yenyewe. Mama hakujua kwamba imekata, akaendelea kuongea, na mimi sikumwambia.